Enanga na Gitaa: Wazee na Vijana katika Muziki wa Bukoba na Muleba

Wasafiri wawili wa Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipofika katika ikulu ya Mukama, yaani mfalme, Rumanika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, wakiwa katika safari yao ya kutafuta chanzo cha mto Nili, walikirimiwa si kwa chakula na maneno ya upole tu, bali kwa muziki pia. Na miongoni mwa ala walizozitaja baadaye katika vitabu vyao imo moja ambayo hata leo haijabadili jina katika nchi yote ya Wahaya na jirani zao, tangu Kiziba, mpakani mwa Uganda, hata Ihangiro, ambayo sasa imo katika wilaya ya Muleba. Ala hiyo ni enanga. Ni gogo la mti lililochongwa likawa mfano wa chano kirefu chenye kina kidogo, na juu ya uwazi wake hutandwa uzi mmoja, zamani wa kano za ng'ombe, upitao huku na huko katika meno ya ncha mbili za chano hata zikapatikana nyuzi saba au nane, kila mmoja na sauti yake. Si ala ya makelele. Aipigaye hutaka ukimya wa nyumba ya msonge, nyasi zilizotandikwa sakafuni, na watu walioketi karibu, wenye nafasi ya kukesha.

Yaliyoimbwa kwa enanga hayakuwa mambo ya kupitisha wakati. Abateezi, ndio wapigaji wake, walikuwa na hikaya ndefu za mashujaa na wafalme, za vita na mapenzi, za hila za ikulu, na za Mugasha, mwenye enzi ya ziwa na tufani, ambaye kabla ya kuja kwa dini za kitabu wavuvi wa pwani ya Nyanza walimcha kuliko walivyomcha mtawala yeyote mwenye mwili. Hikaya moja huweza kuchukua saa nzima na zaidi. Mwimbaji huimba, husimulia, huigiza sauti za waliomo, hunyamaza ili nyuzi ziseme, kisha hurudi pale alipoachia. Nyumba za Bakama wa Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Maruku na Ihangiro ndizo zilizoilea fani hii. Na mtu wa ikulu alipotaka kujitambulisha mbele ya bwana wake, alisimama akatongoa ebyebugo, majigambo ya nafsi yake na ukoo wake, kwa pumzi moja ndefu iliyowafanya wasikilizaji washike vifua vyao.

Utawala wa kigeni haukuivunja fani hii mara moja. Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, na Mapadri Weupe walipoweka misheni yao Kashozi mwaka 1892, wafalme waliendelea kuwa na ikulu zao, ingawa enzi yao ilikuwa imekwisha kupunguzwa makali. Na Waingereza, waliokuja baadaye, waliwahitaji wafalme hao kwa kodi na kwa amri, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuwanyang'anya waimbaji wao. Kilichohamisha enanga polepole kutoka uani mwa mfalme kwenda katika arusi na vilabu vya lubisi ni fedha ya kahawa. Mwaka 1950, wakulima walipounganishwa katika chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, mtu mwenye kibanja kizuri aliweza kumwalika mwimbaji nyumbani kwake bila kungoja hisani ya Mukama. Mwaka huohuo Hugh Tracey, mtu aliyeyatoa maisha yake katika kunasa muziki wa Afrika, alizunguka Tanganyika na mashine zake, akafika kwa Wahaya, akaondoka na sauti ambazo zingali zinasikika katika santuri na diski mpaka leo. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1963, serikali ya nchi huru ilifuta utawala wa machifu, na kwa mstari mmoja wa sheria abateezi wakapoteza mlezi aliyewatunza kwa vizazi vingi. Sisemi kuwa sheria ile ilikosea. Nasema tu kwamba hakuna aliyeuliza siku ile nani atamlisha mwimbaji.

Katika zama hizo za ukiwa ndipo lilipotokea jambo ambalo naliona ni kiini cha makala hii. Alikuwapo mpigaji mmoja, Habibu Selemani, aliyezaliwa karibu mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993, ambaye kwa ithibati ya waliomsikia na ya kanda zilizobaki alikuwa ustadhi wa hikaya za enanga asiye na mfano katika kizazi chake. Na alikuwapo kijana mmoja wa Kihaya, Mugyabuso Mulokozi, aliyezaliwa mwaka 1950, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe na kwa riwaya ya Ngome ya Mianzi. Kijana huyu, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia vijijini na kinasa sauti, akaketi mbele ya wazee, akanasa, akaandika, akafasiri. Na mwaka 1986 tasnifu yake ya udaktari mintarafu ya tendi za enanga ikawa jibu kwa wale wataalamu wa Ulaya waliodai kwamba Mwafrika hana utendi. Mwaka 1997, Habibu akiwa amekwisha kuzikwa, Mulokozi alichapisha habari za maisha yake akamwita wa mwisho katika malenga hao.

Basi hapa pana ajabu, nami nataka msomaji aitazame vizuri. Katika nchi nyingine, kijana aliyeketi miguuni pa mzee alikuwa mpiga gitaa. Bukoba alikuwa msomi. Mwenye kalamu alikuja, mwenye gitaa hakuja.

Sababu za kutokuja kwake si fumbo. Vijana wa miaka ya sitini na sabini walikuwa na masikio yao kwenye redio, na redio ilikuwa na rumba ya Kongo, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na muziki wa Kampala uliovuka mpaka kila siku pamoja na watu waliokwenda kutafuta kazi Uganda na kurudi. Bendi za dansi zilitunga kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya taifa na ya soko, na hikaya za enanga ni za Kihaya kilichokomaa, ambacho hata Mhaya wa mjini hukipoteza katikati ya sentensi. Kisha vikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukatoka katika vita ile na jina jipya la Kagera, mifugo imeporwa na makao yamebomolewa. Haijapita miaka mitano, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huohuo. Maradhi yale hayakuwachagua wazee. Yaliwachukua watu wa umri wa kati, yaani tabaka lilelile lililopaswa kupokea kwa mkono wa kulia na kutoa kwa mkono wa kushoto. Bibi na babu waliachwa na wajukuu, na mtu anayelea mayatima sita hana usiku wa kukesha akifundisha nyuzi.

Niliposema habari za nchi nyingine nilikuwa na Marekani na Uingereza moyoni, na hapa naomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo na Nyanza, kwa sababu wenzetu hao wamepitia jambo hili hatua kwa hatua, nasi tunaweza kupima kwa hatua zao tulipofika sisi. Muziki wa bluzi ulizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi katika mashamba ya pamba ya kusini, ukapanda na wahamiaji hadi Chicago, na huko ukapewa gitaa la umeme. Mmoja wa mabingwa wake alikuwa Chester Burnett, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1910, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Howlin' Wolf. Mwaka 1961 aliimba wimbo uitwao Little Red Rooster, uliotungwa na mwenzake Willie Dixon. Mwaka 1964 vijana watano wa London, The Rolling Stones, waliuchukua wimbo huo, wakaupiga kwa adabu na taratibu, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, na fedha na sifa zikawaendea vijana.

Lau mambo yangaliishia hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida ya mwenye nguvu na mnyonge. Lakini mwaka 1965, vijana hao walipoalikwa katika kipindi kikubwa cha televisheni ya Marekani kilichoitwa Shindig, waliweka sharti kwamba hawapigi mpaka mzee naye aalikwe. Na Wamarekani weupe ambao hawakupata kumsikia mtu huyo aliyeishi katika nchi yao wenyewe wakamwona kwa mara ya kwanza, akiimba kwa mwili mzima, huku vijana wa Kiingereza wameketi chini kumzunguka. Wameketi chini! Yeyote aliyelelewa Kamachumu au Nshamba, kule Muleba, anajua maana ya mkao huo bila kuelezwa.

Hatua ya tatu ilikuja mwaka 1970. Mzee, akiwa na umri wa miaka 59 na moyo mgonjwa, alipelekwa London kurekodi pamoja na Eric Clapton na wawili wa Rolling Stones, Bill Wyman na Charlie Watts. Kampuni yake ya santuri haikuona haja ya kugharimia safari ya Hubert Sumlin, mpiga gitaa wake wa siku zote, na Clapton ndiye aliyeshikilia kwamba bila Sumlin yeye hayupo. Katika santuri iliyotoka mwaka 1971 wameacha kipande cha mazoezi ambacho kwangu kina thamani kuliko nyimbo zote zilizokamilika: Clapton, ambaye wakati ule aliabudiwa na vijana wa dunia nzima, hajaelewa mahali pa kuingia katika wimbo uleule wa Little Red Rooster, na mzee anachukua gitaa, anampigia, anahesabu, anamrudisha tena. Wimbo uliochukuliwa mwaka 1964 umerudi mwaka 1970 mikononi mwa mwenyewe, naye ndiye mwalimu.

Mwaka huohuo wa 1970, huko California, mzee mwingine wa bluzi, John Lee Hooker, alikutana na bendi ya vijana iitwayo Canned Heat. Hooker alikuwa na tabia iliyowatoa jasho wapigaji wengi: hakuhesabu. Alibadili sauti ya gitaa pale maneno yalipomfikisha, si pale kanuni ilipomtaka, na mguu wake ukipiga sakafu ulikuwa ndio ngoma yake. Hata mafundi wa studio wakamwekea ubao chini ya kiatu na kipaza sauti pembeni. Kijana mmoja wa bendi hiyo, Alan Wilson, alikuwa ameusoma mwenendo wa mzee kwa miaka, akaweza kumfuata kwa harmonika bila kupotea hata alipogeuka ghafla, jambo lililomstaajabisha Hooker mwenyewe. Wilson alikufa Septemba ya mwaka ule, kabla santuri yao haijatoka. Nimeleta habari hii kwa sababu mpigaji wa enanga naye hahesabu. Hufuata maneno, na maneno ya Kihaya yana kupanda na kushuka kwake ambako wimbo hauna budi kukutii. Kwa hiyo kijana atakayeambatana naye itambidi awe na sikio la Wilson, aijue lugha, na awe radhi kungoja.

Wala si kila makutano ya mzee na vijana yalikuwa na heri. Mwaka 1968 kampuni ya Chess ya Chicago ilimpakia mzee mwingine wa bluzi, Muddy Waters, makelele ya gitaa ya mtindo wa siku zile katika santuri ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, na mwaka uliofuata ikamfanyia Howlin' Wolf vivyo hivyo, kisha, kwa ujuba ambao sijauona penginepo, ikachapisha juu ya jalada kwamba mwenyewe haipendi. Huko mzee alikuwapo studio, lakini hakuulizwa. Kwa insafu, hilo nalihesabu kuwa baya kuliko kuchukuliwa wimbo ukiwa hupo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2001 mwanamke kijana wa kijiji cha Rwongwe, Bukoba, Saida Karoli, aliyezaliwa mwaka 1976 na kukua na ngoma mkononi, alitoa albamu ya Maria Salome, na ndani ya muda mfupi hapakuwa na basi, arusi wala duka la kanda katika Tanzania na jirani zake ambamo sauti yake haikusikika, hasa katika ule wimbo ambao watu waliuita Chambua kama Karanga. Jambo la shani ni kwamba alikuwa akiimba kwa Kihaya. Bendi za dansi ziliikimbia lugha hiyo kwa hofu ya soko, na soko likaja likaimba nayo, likitamka vibaya na kufurahi. Alitoka katika utamaduni wa ngoma na nyimbo za wanawake wa vijijini, si wa enanga ya wanaume wa ikulu, na hilo tusilichanganye. Lakini aliufungua mlango ambao wapigaji wa enanga walikuwa wamesimama nyuma yake tangu mwaka 1963.

Miaka kumi na mitano ikapita, na Saida akawa jina la kumbukumbu. Ndipo Septemba 2016 Diamond Platnumz, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati Maria Salome inatoka, pamoja na Rayvanny wa Mbeya, walipotoa wimbo wa Salome, uliojengwa juu ya kiitikio na mahadhi ya Saida, ukaenea Afrika nzima kwa mitandao kwa kasi ambayo kanda za mwaka 2001 hazikuota. Wapo waliokasirika, wakisema mtoto wa Uswahilini amevaa nguo ya bibi. Wapo waliocheza tu. Mimi nipo baina yao. Vijana hawakuficha walikoutoa wimbo, na jina la Saida lilirudi midomoni mwa watu, hata mwaka 2017 naye akatoka na wimbo mpya, Orugambo, na kupokewa kama mtu aliyetoka safari. Hayo ni mema. Lakini katika Salome sauti ya Saida mwenyewe haimo, na mahali pake wameimba vijana. Kwa kipimo cha London, hiyo ni hatua ya mwaka 1964.

Na mwenye kunijibu kwamba kwetu hatua za mbele haziwezekani, namwonyesha Zanzibar. Vijana wa Offside Trick walipomwita Bi Kidude, ambaye alikuwa ameimba taarabu na unyago tangu kabla baba zao hawajazaliwa, hawakumwiga. Walimweka mbele ya kipaza sauti katika wimbo wa Ahmada, akaimba kwa sauti yake ileile, na watoto wa shule wakamjua bibi waliyemsikia hapo zamani katika maneno ya wazazi tu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, kabla ya kufariki mwaka 2003 alikwisha kuketi na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, wakatoa santuri ya Assembly mwaka 2002, zeze na marimba zikiwa mbele na mitambo ikifuata. Kwa nini mpiga gitaa huyo alitoka Kanada, asitoke Dodoma au Mwanza, ni swali ambalo waandaaji wa muziki wetu hawajalijibu.

Huenda mtu akasema kwamba tatizo ni haki na malipo, na sikatai. Willie Dixon alilazimika kuwashitaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa ajili ya wimbo mmoja, na wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987, yeye akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Sisi tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, nayo imezitaja hata sanaa za jadi. Lakini sheria humlinda mtunzi aliyejulikana kwa jina, na hikaya ya enanga ina watunzi wa karne tatu, wengi wao wamelala Kiziba na Ihangiro bila jiwe la kaburi. Atakayelipwa ni nani, kama si yule anayeibeba leo kichwani? Kwa hiyo dawa ya kwanza haimo mahakamani. Imo katika kumleta mwenye kuibeba mpaka studio, akalipwa kwa kazi ya siku ile kama anavyolipwa mpiga kinanda, na jina lake likaandikwa juu ya wimbo, si chini yake.

Mjini Bukoba sasa zipo studio, na wapo vijana wenye kompyuta na ghera. Abateezi waliosalia ni wachache, na wengi wao ni wazee. Vijana hao nawaomba mambo mawili tu. Watakapomwita mzee, wasimtengenezee mdundo kabla hajafika wakamtaka aingie ndani yake kwa dakika nne. Wamwache apige, wanase hikaya nzima hata ikichukua saa, kisha gitaa limtafute yeye. Na waanze Ihangiro, kwa sababu watu wa Muleba ndio waliosahauliwa zaidi katika habari hizi, na barabara ya kwenda huko ni ya lami.